UZI: Singapore ya Michigan, mji wa mbao ambao mchanga unasingiziwa kuumeza

Kisiki (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Mwenye haraka apite tu, tutaonana mbele.

Kuna hadithi inazunguka mitandaoni miaka nenda rudi. Inasema huko Michigan, Marekani, palikuwa na mji ukiitwa Singapore. Wenyeji wakafyeka miti yote, upepo ukaleta mchanga wa ziwa, mji ukafukiwa, na wenye tamaa wakavuna walichopanda. Watu wanaipenda kwa sababu ina adhabu mwishoni. Mimi naishi Grand Rapids, si mbali na mahali penyewe, na hadithi hiyo inanikera kidogo kwa sababu imepindua mpangilio wa mambo. Mchanga ulipofika, mji ulikuwa umeshahama. Mitambo ilipakiwa melini, nyumba kadhaa zikaburutwa hadi mji wa jirani, nyingine zikabomolewa kwa ajili ya mbao zake. Mchanga ulifukia mabaki.

Kwanza tujue tuko wapi. Fungua ramani, tafuta Ziwa Michigan, shuka ukingo wa mashariki mpaka mdomo wa mto Kalamazoo. Hapo ni wilaya ya Allegan, taunshipu ya Saugatuck. Taunshipu ni mfano wa kata yetu, ila ilizaliwa na kamba ya mpima ardhi. Sheria ya mwaka 1785 iliagiza ardhi ya umma ikatwe vipande vya mraba, maili 6 kila upande, na kila kipande kigawanywe sehemu 36 za kuuzwa. Mto upite, kilima kisimame, mpima anaendelea na mstari wake. Ya Saugatuck haikukamilika mraba kwa sababu upande mmoja umeliwa na ziwa.

Ardhi hiyo haikuwa pori lisilo na wenyewe. Walikuwepo Waottawa na Wapotawatomi. Kwa mkataba wa Chicago wa mwaka 1821, serikali ilijichukulia sehemu kubwa ya kusini-magharibi mwa Michigan, na baada ya hapo ndipo minada ya viwanja ikaanza.

Mlowezi wa kwanza Mzungu, William Butler, alifika mwaka 1830 na kukaa ndani kidogo ya mto, pale ambapo leo ni Saugatuck. Mwaka 1836 ikaundwa taunshipu kubwa iliyoitwa Newark, ikameza eneo pana la magharibi mwa wilaya. Baadaye ikamegwa-megwa, na kipande kilichobaki kikachukua jina la Saugatuck mwaka 1861. Mwaka huohuo wa 1836 wakaja mabwana kutoka New York wakiwa na pesa za watu na ramani mkononi, kiongozi wao akiitwa Oshea Wilder. Walipapenda mdomoni kabisa mwa mto, wakapapa jina la Singapore, na wakatangaza kwamba hapo utaota mji wa kushindana na Chicago na Milwaukee.

Msicheke. Mwaka 1836 Chicago yenyewe ilikuwa kijiji cha matope. Kila mdomo wa mto kwenye lile ziwa ulikuwa na bwana mmoja anayeuza viwanja vya "jiji lijalo".

Naja na habari ya benki.

Ngosha Mkimya

Nimekaa mbele kabisa, mkuu. Yaani madalali wa viwanja wa mwaka 1836 ni walewale wa "kilomita mbili tu kutoka lami".

Nasra wa Tanga

Weka vitu kaka. Hiyo ya benki usiifupishe.

Kisiki

Dada Nasra, siifupishi, maana ndiyo tamu kuliko zote.

Michigan ilikubaliwa kuwa jimbo Januari 1837. Miezi michache baadaye ikatunga sheria ya benki yenye mlango mpana ajabu: watu 12 wenye ardhi wakijikusanya, wanafungua benki na kuchapa noti zao wenyewe. Sharti lilikuwa asilimia 30 ya mtaji iwe fedha taslimu, dhahabu na sarafu za fedha, kabatini. Kilichobaki kingedhaminiwa kwa rehani za ardhi. Sasa jiulize, ardhi ipi? Ileile ya "jiji lijalo", ambayo bei yake amepanga mwenye kuiuza.

Mwaka huohuo mtikisiko wa fedha ukaikumba Marekani nzima, benki zikaacha kubadilisha noti kwa sarafu, na Michigan ikaruhusu hata benki mpya zijikinge na ruhusa hiyo. Kwa hiyo unaanzisha benki leo, unatoa noti leo, na hulazimiki kumlipa anayezirudisha. Zikachipuka benki zaidi ya 40, nyingine porini hasa, ambako mwenye noti angetembea siku kadhaa kuitafuta ofisi.

Singapore ikawa na yake. Noti zenye thamani ya kama dola 50,000 zikaingia mitaani zikiwa na jina la mji uliokuwa na nyumba chache mchangani.

Jimbo lilikuwa na makamishna wa benki wa kukagua makabati. Mmoja wao, Alpheus Felch, alikuja kuwa gavana, na aliacha maelezo ya waliyoyakuta. Katika benki moja ya Jackson walikuta masanduku yaliyopambwa sarafu juu, na chini yake misumari na vioo. Mchezo uliozoeleka zaidi ulikuwa wa kuazimana: sarafu zilezile zinamtangulia kamishna usiku, benki hadi benki, na kila akifika anazikuta zinamsubiri. Kuhusu Singapore inasimuliwa kwamba ilishirikiana sarafu na benki ya Allegan, mji ulio juu kwenye mto uleule, zikisafirishwa kwa mtumbwi. Katika safari moja mtumbwi ukapinduka, na ikabidi kamishna akalishwe na kunyweshwa mezani mpaka fedha ziopolewe majini. Siapii kila kipande cha simulizi hiyo, ila mfumo wenyewe uliandikwa na makamishna wenyewe.

Benki ya Singapore ikafa mwaka 1838. Mwaka 1844 mahakama ikaamua kwamba sheria yenyewe ilikiuka katiba ya jimbo, wakati huo waliolipwa kwa karatasi wamekwisha kulia na kunyamaza. Noti zake zipo hadi leo, wakusanyaji wanazinunua kwa fedha nzuri.

Ngosha Mkimya

"Sarafu zinamtangulia kamishna." Nimecheka mpaka jirani kauliza kuna nini.

Jabali254

Mimi niko Nakuru. Swali: kama benki ilianguka 1838, mji ulibaki unaishi kwa nini? Mbona haukufa hapo?

Kisiki

Swali zuri ndugu Jabali. Kama mji ungekuwa ni ramani na noti tu, ungekufa mwaka ule. Ulinusurika kwa sababu chini ya ule utapeli palikuwa na mali halisi imesimama wima: paini mweupe. Mti wa futi 100 na zaidi, mnyoofu, laini kwa msumeno, mwepesi. Na pale mdomoni pana maji ya kuelea magogo upande mmoja, na maji ya kupitisha meli upande mwingine.

Miaka ya mwanzo haikuwa mteremko. Inasimuliwa kwamba majira ya baridi ya 1842 dhoruba ya theluji iliwafungia siku 40, na kilichowavusha ni meli iitwayo Milwaukie iliyovunjikia karibu, ikiwa na shehena ya unga. Baadaye mji ukashika kasi. Ulipofikia kilele ulikuwa na viwanda vitatu vya kupasua mbao, hoteli mbili, na maduka kadhaa. Saugatuck ya Butler, iliyoitwa tu "Tambarare" enzi hizo, ilikuwa ndogo yake.

Mzee Randa

Vijana, hamjambo. Mimi ni mtu wa mbao, Mafinga, nimeanza na shoka nikiwa mdogo. Nina maswali ya kazi, maana uzi umekaa sana kwenye benki. Magogo walitoaje porini bila trekta wala lori? Paini ikiwa mbichi ni nzito. Na msumeno wao ulikuwa wa namna gani?

Kisiki

Shikamoo mzee. Nafurahi umeuliza wewe.

Kukata kulifanyika majira ya baridi. Huku kwetu mvua ndiyo inayofunga barabara. Kule theluji ndiyo iliyofungua. Walitengeneza njia porini, usiku wakapitisha tangi la maji linalovuja kwa makusudi, maji yakaganda yakawa barafu laini. Farasi wawili wakavuta sleji, gari la kuteleza lisilo na magurudumu, yenye shehena ambayo kwenye udongo mkavu wasingeitikisa. Magogo yakarundikwa ukingoni mwa mto yakisubiri. Barafu ikiyeyuka, mto ukafura, wakayasukuma majini yote.

Sasa mto mmoja una kampuni nyingi. Kwa hiyo kila gogo liligongwa chapa kichwani kwa nyundo yenye alama ya mwenyewe, na alama hizo zilisajiliwa serikalini. Chini mtoni walikuwa na kizuizi cha magogo yaliyounganishwa kwa minyororo, hapo ndipo yalipochambuliwa: haya ya fulani, haya ya fulani. Wizi ulikuwepo. Mtu anakata kipande cha kichwa chenye chapa, anagonga ya kwake.

Ndiyo maana paini ilitangulia kuisha. Miti migumu kama mwaloni na mepo haielei vizuri, unaitosa mtoni inazama. Ilibaki porini mpaka reli ilipofika.

Msumeno ulianza ule wa kupanda na kushuka, ukafuatiwa na wa duara. Mashine iliendeshwa kwa mvuke.

Mzee Randa

Marahaba. Wa mvuke maana yake walichoma mabanzi na unga wa mbao wao wenyewe, hakuna kununua kuni. Hapo nimeelewa. Ila msumeno wa duara wa zamani ulikuwa mnene, unakula zaidi ya robo inchi kila pasuo. Pasua gogo mbao nane uone umepoteza mbao ngapi. Sisi huku dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, zinalaumiwa kwa kupoteza, kumbe tuna babu zetu Michigan.

Na mbao zilienda wapi? Mji mdogo hauwezi kutumia mbao za viwanda vitatu.

Kisiki

Chicago, mzee. Zote ni kama zilienda Chicago. Ukiwa Singapore, iko upande wa pili wa ziwa, kusini-magharibi. Merikebu za matanga zilipakia mdomoni mwa mto na kuvuka.

Ile Chicago ya matope ilikuwa imekuwa soko kubwa kuliko yote ya mbao duniani. Ilikuwa kwenye ukingo wa mbuga kubwa zisizo na miti, na walowezi waliokwenda magharibi wote walihitaji nyumba, uzio, ghala. Namna mpya ya kujenga pia ilishamiri hapo: fremu ya mbao nyembamba zilizopigwa misumari, mafundi wawili watatu wanaisimamisha kwa muda mfupi. Njia za waenda kwa miguu zilikuwa za mbao. Hata barabara nyingine zilitandikwa vipande vya paini.

Mnaona inakoelekea.

Nasra wa Tanga

Moto.

Kisiki

Naam. Kiangazi cha 1871 kilikuwa kikavu mno eneo lote la maziwa. Porini kulitapakaa matawi na vichwa vya miti vilivyoachwa na wakataji, vimekauka. Usiku wa Oktoba 8 Chicago ikawaka. Watu kama 300 walikufa, 100,000 wakakosa makazi, majengo zaidi ya 17,000 yakateketea.

Kila mtu anaujua moto wa Chicago. Usiku uleule mji wa mbao wa Peshtigo, Wisconsin, uliungua na vijiji vyake, na waliokufa wanakadiriwa kati ya 1,200 na 2,500. Ndio moto ulioua watu wengi kuliko wote katika historia ya Marekani, na hauna umaarufu hata robo, kwa sababu waandishi wa habari walikuwa Chicago. Upande wetu wa ziwa, Holland na Manistee nazo ziliungua usiku huohuo. Holland ni jirani wa Singapore, kwa gari leo hufiki nusu saa.

Singapore yenyewe ilipona. Ikabaki na viwanda vyake, mbele yake kuna jiji zima linalohitaji kujengwa upya, na nyuma yake miji mingine iliyoungua. Hapo ndipo hadithi maarufu inapoingia: wakafyeka kila kitu kwa miaka minne wajenge Chicago, na mwaka 1875 mji ukawa umekwisha.

Jabali254

Sasa si ni kweli? Tarehe zinakubali. 1871 moto, 1875 mji umefungwa.

Kisiki

Tarehe zinakubali, ndugu Jabali, sababu ndiyo inayopinda. Viwanda pale mdomoni vilikuwa vinapasua tangu miaka ya 1830. Kufika 1871 wamekata zaidi ya miongo mitatu. Paini iliyo karibu na maji ya kuelea magogo ilikuwa imeshapungua, na mabwana wa mbao walishaanza kununua misitu kaskazini. Moto wa Chicago ulipandisha bei na kuharakisha mwisho uliokuwa njiani. Ukimwambia mtu kwamba mji ulijitoa mhanga kuijenga Chicago, anatokwa machozi. Ukimwambia kwamba kampuni ilimaliza hesabu yake na kuhama, anapiga miayo.

Mwenye kampuni ndiye wa kumtazama hapa. Francis Stockbridge, mzaliwa wa Maine, ndiye aliyekuwa bwana mkubwa wa Singapore pamoja na mshirika wake Otis Johnson. Mwaka 1875 waling'oa mashine, wakazipakia, wakazipeleka St. Ignace kwenye mlango-bahari wa Mackinac, ambako misitu ilikuwa bado. Stockbridge aliendelea kutajirika, akawa na jumba Kalamazoo, akachaguliwa seneta wa Marekani mwaka 1887 na kufa akiwa kwenye kiti hicho mwaka 1894. Hakuna mchanga uliomfukia.

Mji unaoishi kwa kiwanda ukiondolewa kiwanda, umebaki nini? Wafanyakazi waliishi nyumba za kampuni, walinunua duka la kampuni. Wengi wakasogea Saugatuck. Nyumba zilizofaa zikahamishwa, nyingine zikiburutwa juu ya barafu ya mto wakati wa baridi. Jengo linalosemekana kuwa la benki ya Singapore bado lipo Saugatuck, barabara ya Butler, ghorofa mbili, kuna maduka. Nimepita mbele yake nikanunua aiskrimu jirani.

Nasra wa Tanga

Kaka nikuulize, sijaelewa mchanga ulikuwa wapi siku zote. Mbona haukuwafukia miaka 40 walipokuwa pale?

Kisiki

Hapo ndipo miti inapopata haki yake katika kesi hii, dada.

Sehemu kubwa ya ukingo wa mashariki wa Ziwa Michigan ni vilima vya mchanga, safu kubwa kuliko zote duniani kando ya maji baridi. Vingi vilijijenga maelfu ya miaka iliyopita maji ya ziwa yalipokuwa juu zaidi. Upepo wa kule unatoka magharibi, kwa hiyo siku zote unasukuma mchanga kutoka ufukweni kwenda bara. Kinachouzuia ni mimea: kwanza nyasi ngumu za ufukweni ambazo mchanga ukizifunika zinachipua juu tena, kisha vichaka, mwisho miti mikubwa mgongoni mwa kilima. Kilima kikishavikwa hivyo kinatulia karne kwa karne.

Singapore waliijenga katikati ya vilima, na vilima hivyo vilikuwa na miti. Wakaikata. Mzigo wa magogo, nyayo za farasi, na njia za magari zikamaliza nyasi. Upepo ukipata kidonda kimoja cha mchanga mtupu unakipanua. Mchanga ulianza kuwasumbua wakiwa bado wapo, lakini mji wenye watu unafagia. Unachota mchanga mlangoni kila asubuhi, unaendelea na kazi. Watu walipoondoka, hakuna wa kufagia. Inasimuliwa kwamba mkazi mmoja alikataa kuhama, akakaa nyumbani mpaka mchanga ulipofika ghorofa ya pili, akawa anatokea dirishani.

Kwa hiyo kukata miti kuliachia mchanga, sibishi. Ninachobisha ni ile picha ya mji unaishi, mara ukafukiwa. Mchanga ulirithi.

Ngosha Mkimya

Mkuu mbona kama unamtetea mkata miti? Awe amehama kabla au baada, si ameacha jangwa?

Kisiki

Simtetei, kaka. Namshitaki kwa kosa lake. Ukisema maumbile yaliuadhibu mji, unakuwa umesema waliokata ndio walioumia. Waliumia wenye kibanda na duka dogo. Waliokata walikuwa St. Ignace wakianza upya, halafu Michigan ikaongoza nchi kwa mbao miaka yote ya 1880 kwa mtindo uleule: kata, hama, acha visiki. Leo ukitaka kuona paini za zamani zilizobaki zimesimama, unakwenda Hartwick Pines, katikati ya jimbo, ekari 49 tu.

Mzee Randa

Mimi nasema neno moja kwa uzoefu. Msitu unaokatwa na mtu asiye na mpango wa kuupanda unamjua mwenyewe tangu siku ya kwanza. Angalia visiki. Anayerudi anakata chini karibu na ardhi. Asiyerudi anakata anapofikia bila kuinama. Hao wa Michigan visiki vyao vilikuwa vya kimo gani?

Kisiki

Mzee, walikata wakiwa juu ya theluji. Visiki vya kimo cha kiuno na zaidi vilikuwa vya kawaida.

Mzee Randa

Basi nimejibiwa.

Jabali254

Tuambie basi taunshipu iliishije. Mji ulikufa, lakini umesema taunshipu ipo.

Kisiki

Ipo na ina pesa. Hii ndiyo sehemu ambayo hadithi za mji mfu huwa zinairuka.

Paini ilipokwisha, ilibaki miti ya hemloki. Magome yake yalitumika viwanda vya ngozi, navyo vikaendelea kwa muda. Nyuma ya wakataji ilibaki ardhi wazi ya bei ndogo, wakulima wakaijaribu. Wakagundua jambo kuhusu ziwa: maji mengi kiasi kile hupoa polepole na kupata joto polepole. Upepo wa magharibi ukivuka juu yake, majira ya baridi hayawi makali sana ukingoni, na majira ya kuchipua huchelewa kidogo, hivyo maua ya miti ya matunda hayafunguki mapema yakauawa na baridi. Ukanda mwembamba wa pwani ukawa shamba la pichi, tufaha na zabibu. Reli ilipita bara, Fennville, ikauacha mdomo wa mto pembeni, lakini matunda yalikuwa na ziwa. Yalipakiwa kwenye meli za mvuke jioni, asubuhi yako sokoni Chicago.

Pichi nayo ilipigwa na ugonjwa, na baridi kali ya Oktoba 1906 iliua miti mingi. Wengi wakahamia kwenye tufaha.

Meli zilizopeleka matunda hazikurudi tupu. Zilirudi na watu wa Chicago wanaokimbia joto na moshi. Mwaka 1909 ukajengwa ukumbi mkubwa wa dansi ukingoni mwa mto, uliotamba mpaka ulipoungua mwaka 1960. Mto wenyewe ulikuwa na kona kali kabla ya kuingia ziwani, ikikwamisha meli, hivyo ukachimbwa mfereji wa moja kwa moja, ukakamilika 1906. Mkono wa zamani ukabaki ziwa dogo lililotulia, na mwaka 1910 wachoraji kutoka Chicago wakafungua hapo shule ya sanaa ya Ox-Bow. Ipo mpaka leo.

Kidogo cha kuchekesha: Saugatuck ilikuja kujitoa kwenye taunshipu na kuwa jiji mwaka 1984. Jirani yake Douglas nayo ikawa jiji mwaka 2004, ila jina lake rasmi ni "Jiji la Kijiji cha Douglas". Nadhani kikao hicho kilichelewa sana usiku.

Nasra wa Tanga

Na pale penyewe, penye Singapore, sasa pana nini? Hifadhi?

Kisiki

Sehemu. Kaskazini kuna hifadhi ya jimbo, Saugatuck Dunes. Kusini ya mfereji kuna eneo la asili la kutembelea. Lakini pale penyewe ni mali ya watu binafsi, na pamekuwa na kesi ndefu.

Mwaka 2006 tajiri wa gesi kutoka Oklahoma, Aubrey McClendon, alinunua ekari zaidi ya 400 mdomoni mwa mto. Akagombana na taunshipu juu ya masharti ya ujenzi, akaipeleka mahakamani. Mjue bajeti ya taunshipu kama hii ni ndogo, wanasheria wa mtu mmoja wanaweza kuimaliza. Alifariki 2016. Sehemu ya kaskazini ya mfereji ikapata wamiliki wengine wenye mpango wa nyumba za kifahari na gati la boti lililochimbwa ndani ya ardhi. Wanaopinga wakaenda mahakamani nao. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Michigan, na mwaka 2022 ikaamua kwamba anayepinga uamuzi wa bodi ya ardhi halazimiki kuwa na kiwanja jirani ili asikilizwe, bali aonyeshe anavyoumia kuliko wengine. Uamuzi huo sasa unatumika jimbo zima.

Ngosha Mkimya

Kwa hiyo 1836 viwanja, na sasa hivi viwanja. Mkuu hapo kati mbao zilikuwa mapumziko tu.

Jabali254

Ngosha umemaliza 😂 Kisiki, mtu akitaka kufika anaanzia wapi? Nina binamu Chicago.

Kisiki

Mwambie aende Saugatuck. Ni saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka Chicago, akizunguka kusini mwa ziwa. Bango la historia la Singapore liko mbele ya ukumbi wa mji, barabara ya Butler, na jengo la benki liko barabara hiyohiyo. Ng'ambo ya mto kuna makumbusho madogo ndani ya nyumba ya zamani ya pampu za maji. Asijaribu kwenda na sepetu kwenye vilima, ni ardhi ya watu. Akitaka kuona jinsi mchanga unavyotembea, apande ngazi za kilima cha Mount Baldhead, halafu ashuke upande wa ziwa. Julai na Agosti maegesho ni shida, afike asubuhi.